Harage la Mama Mkwe Katika Benki ya Mbali

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja iliyoweza kutoka nje, na ilikuwa ya chef, mkubwa wangu wa kazi. Nasema "kutoka nje" kwa sababu ndivyo tulivyosema wenyewe. Zile nyingine zilikuwa za kuandikia tu, lakini ya chef ilifungwa kwenye waya wa simu. Simu ikiwa haina mtu, mashine ililia kidogo kama paka aliyekanyagwa, ikanyamaza, na hapo tayari ulikuwa Ulaya, au Amerika, au sijui wapi. Hata leo sijui hasa tulikuwa tunafika wapi. Naandika nilichoona, na pengine nilichoona nacho sikukielewa chote.

Nilikuwa dactylo. Kazi yangu ilikuwa kupiga barua na ripoti za mradi wa mbegu, mjini Gisenyi, kwenye barabara inayoshuka kwenda Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Goma. Nilisoma sekondari kidogo upande wa Goma, tulikokulia wengi wetu tuliorudi baada ya vita, halafu nikafanya kozi ya kupiga mashine kwa masista. Kwa hiyo kwa mambo ya sayansi msomaji asinitegemee sana. Kifaransa changu kilikuwa cha barua. Kiingereza nilikiokota kwa chef, neno hapa neno pale.

Chef alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo, Mnyarwanda aliyekulia Uganda. Wenzangu walisema ana kiburi kwa sababu haongei. Mimi nilikaa meza ya karibu naye, na ninavyoona haikuwa kiburi, ilikuwa Kifaransa: yeye hakukijua, na sisi tulikisema mbele yake bila kumwonea huruma. Kinyarwanda chake kilikuwa kizuri, ila kina Uganda ndani. Na Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kinatuchekesha. Maneno yao wote nayaandika hapa kwa Kiswahili, hata yale yaliyosemwa kwa Kinyarwanda, maana hiyo ndiyo lugha ninayoandikia tangu utoto.

Siku moja mchana, direkta akiwa ameenda kula, chef aliniita.

"Dada, kuja uone kitu."

Nikaenda. Kwenye skrini kulikuwa na ukurasa mweupe wenye vibanda vitupu vya kujaza. Akanieleza kwamba kuna watu wamekusanya maharage ya dunia nzima, wakayaweka kwenye baridi yasife, kila moja na namba yake, kama watu kwenye kitambulisho. Ni benki, akasema, lakini ya mbegu. Na yeyote mwenye simu na uvumilivu anaweza kuuliza waliyo nayo.

"Andika nchi," akasema.

Nikaandika Rwanda. Mimi dactylo, vidole vikawa vizito kama vya mtu anayejifunza. Tukangoja. Mistari ikaanza kushuka kutoka juu, mmoja mmoja, taratibu, kama maji ya bomba siku yanapokatika. Namba. Rangi ya mbegu. Rangi ya ua. Linapanda miti au halipandi. Mwinuko wa mahali lilikotoka. Kisha mahali penyewe. Nikasoma Butare, nikasoma Ruhengeri, halafu nikaona Gisenyi.

Sijui nieleze vipi. Kuona jina la mji wako kwenye ramani ni jambo la kawaida, ramani imetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini hapa kulikuwa na harage, harage moja tu, na mbele yake pameandikwa mahali tulipokuwa tumekaa. Mtu alilichukua kwetu akalipeleka mbali kabla ya vita, na vita vilipokuja lenyewe halikuwepo.

"Naweza kurudi tena hapa?" nikamwuliza chef.

"Saa ya chakula. Direkta akitaka simu, unatoka mbio."

Kuanzia hapo nilikula chakula changu mbele ya ile mashine, sahani magotini, kamusi ya Kiingereza ya chef ikiwa wazi pembeni. Nilifungua harage moja baada ya jingine bila sababu yoyote. Nilitaka tu kujua. Mbona hili halina mwinuko? Nani alisahau kuandika? Hili limeandikwa mahali: soko. Soko gani, na nani alikuwa ameketi nyuma ya kile kikombe cha kupimia? Hakukuwa na kibanda cha jina la muuzaji. Nilitafuta, nikidhani labda mimi ndiye sijui pa kubonyeza, lakini chef naye akasema hakuna.

Sababu ya kutafuta ilikuja kutoka Nyakiriba, vilimani juu ya mji, na ilikuja na mama mkwe wangu.

Yeye alishuka kila siku ya soko, akapitia kwangu kupumzisha shingo kabla ya kupanda tena. Zamani alifanya biashara ya kuvuka mpaka, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Goma, cha haraka na cha kukata bei. Vita vilipofika kwao alikimbia na mbegu zake mgongoni, na huko kambini zikapikwa. Silaumu mtu. Watoto walikuwa na njaa, na mimi ningepika mapema zaidi. Waliporudi walipanga foleni, wakagawiwa mbegu na miradi, wetu ukiwa mmojawapo. Yalikuwa maharage mazuri, naye mwenyewe alikubali kwamba yanazaa. Ila yalikuwa ya aina moja, kilima kizima, kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Akayaita maharage ya foleni.

Sasa bintiye wa mwisho, wifi yangu, alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa ifanyike kiangazi. Kwao msichana akiolewa hutoka na kikapu cha mbegu kutoka jikoni kwa mama yake. Si mbegu moja. Ni mchanganyiko, nyekundu na nyeusi na zenye madoa, zile ambazo mama alipewa na mama yake, akaongeza, akatupa, akaongeza tena. Mama wa mume hufungua kikapu hicho na kukitazama. Mama mkwe wangu alikuwa na binti, alikuwa na mchumba wa binti, na hakuwa na cha kutia kikapuni.

"Nitamutuma na maharage ya foleni?" alisema. "Hata huko anakoenda walipanga foleni. Watafungua, watakuta ile ile yao. Watasema, huyu ametoka kwa mama gani?"

Nikamwambia habari ya benki. Alinisikiliza huku akijikanda shingo.

"Iko na maharage yetu?"

"Iko na ya Gisenyi, mama. Sijui kama ni yenu. Uliyokuwa nayo yalikuwaje?"

"Yalikuwa mengi. We unauliza kama nilikuwa na moja." Akafikiri. "Lakini kulikuwa na kichwa yao. Hiyo ikirudi, zingine nitaomba-omba kwa watu. Iko inapanda miti mpaka miti inakwisha, yenyewe bado inataka. Supu yake nzito. Na ukiilaza mpaka asubuhi ukaikula baridi, bon, unasema mutu ametia siagi usiku."

Nikachukua kalamu. Nilikuwa nimevikariri vibanda vya kwenye skrini, nikavipitia kimoja kimoja kama karani wa mpaka.

"Rangi ya mbegu?"

"Kahawa yenye maziwa. Na jicho jekundu."

"Ua?"

"Mweupe."

"Uzito wa punje mia?"

Akaacha kujikanda shingo. "Nani anapima maharage mia? Mutoto wa wenyewe, huko kwenye ofisi munakosa kazi?"

Kesho yake nikaanza. Rwanda, linapanda miti, mbegu ya kahawia, ua jeupe. Mashine ikafikiri, ikajibu kwamba hakuna. Nikaondoa ua. Yakaja machache, ya kusini, ya mahali pa chini penye joto, na hakuna lenye jicho jekundu. Nikajaribu majina ambayo mama mkwe aliyaita harage lake, na ya jirani yake, na ya dada yake, maana kila kilima kilikuwa na lake. Hakuna. Nikaanza kuamini kwamba tatizo ni mimi. Mtu aliyesoma angepata, nilijiambia, mimi nagongagonga tu kama kuku kwenye sufuria.

Chef alinikuta nimekaa hivyo. Hakunicheka. Akavuta kiti.

"Ona, dada. Hii mashine haijui unatafuta nini. Kila neno unaongeza, unafunga mlango moja. Ukifunga milango mingi, na wewe umebaki nje. Fungua, fungua."

Tukafungua. Tukabakiza nchi na kupanda miti peke yake. Yakaja mengi mno, ya krimu, mekundu, meusi, ya zambarau, nami nikapitia yote ya kahawia kwa siku kadhaa za chakula. Siku ya soko nilikuwa nampelekea mama mkwe nilichokipata. Huyu? Hapana, huyo mufupi, nasikia unasema anatoka Bugesera, huko hata miti hawana. Huyu? Hapana, jicho yake nyeusi. Aliyakataa kama mtu anayechaguliwa mchumba. Wifi yangu alikuwa akikaa mlangoni anasikiliza, na kiangazi kilikuwa kinakuja.

Katika hayo nilifanya kosa la kusema neno moja, au labda halikuwa kosa. Nilisema, "Hao watu wametuwekea."

"Walituwekea?" akauliza mama mkwe, akaketi vizuri.

Lazima nieleze. Baada ya vita, mpakani hapa, nusu ya watu walikuwa na vitu vyao kwa watu wengine. Cherehani ya mmoja ilikuwa kwa shemeji Goma, milango ya mwingine ilikuwa imelala chini ya kitanda cha rafiki. Ulipoenda kuchukua chako hukwenda mikono mitupu. Ulibeba kuku, au unga, au hata ndizi, na aliyekuwekea alipokea huku anasema hakukuwa na haja. Usipobeba, kitu ulirudishiwa, lakini ujamaa ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo mama mkwe aliposikia kwamba kuna watu wamekaa na harage lake kwenye baridi miaka yote, akaona tumekuwa tunagonga mlango wao kila siku bila hata sahani mkononi.

Siku ya soko iliyofuata hakupitia kwangu. Alikuja ofisini moja kwa moja, kitenge cha kanisani kiunoni, na mfuko mdogo wa kitambaa kichwani. Nilitamani meza inifiche. Chef akasimama, akampa kiti chake mwenyewe.

"Hii ni ya wale watu ya benki," akasema mama mkwe, akaweka mfuko mezani. "Muwaambie tunashukuru. Si kitu kubwa."

Chef aliupokea kwa mikono miwili. Kisha akamweleza, taratibu na kwa heshima, kwamba mbegu haivuki mpaka hivi hivi, lazima ipimwe magonjwa, iwe na karatasi, na kwamba hao watu hawadai chochote.

"Hawadai," akasema mama mkwe. "Hata mi sikusema wanadai."

Chef akaona hapo hakuna pa kupita. Akafungua mfuko ili angalau asifu zawadi, akamimina kidogo kwenye karatasi. Maharage yalikuwa ya kahawia, yanang'aa kidogo, na majivu kwenye mikunjo. Akayageuza kwa kidole.

"Mama muzee, hii ni aina gani?"

"Ni yenu. Ile mulitupatia."

"Hapana. Yetu si hii." Akaenda kabatini, akatoa kopo la sampuli, akamimina pembeni. Ya kopo yalikuwa meupe-meupe, kama maziwa ya jana. "Unaona? Hii ndiyo yetu."

Mama mkwe akayaangalia yale ya kopo kwa huruma. "Hizo ziko nyeupe kwa sababu hazijakaa na mutu."

"Vipi?"

"Mi naweka kwenye chungu na majivu, juu ya mafiga, pale kwenye uchaga. Moshi inapita, inapita. Bila moshi wadudu wanakula yote. Donc zinashika rangi."

Chef akachukua punje moja ya hapa na moja ya pale, akaziweka pamoja kwenye kiganja. Umbo lilikuwa moja na ukubwa mmoja.

"Mama," nikasema, "na lile la zamani? Lile la kichwa. Likitoka shambani, kabla ya moshi, lilikuwa rangi gani?"

"Likitoka shambani?" Hakufikiri hata kidogo. "Kama siagi. Na jicho jekundu."

"Sasa mbona uliniambia kahawa yenye maziwa?"

"We uliuliza mbegu! Mbegu iko juu ya mafiga. Ile ya shambani ni chakula."

Chef alicheka mpaka akavua miwani. Mama mkwe hakujua anachekwa nani, na mimi pia sikujua, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kibaya.

"Hata mama yangu kule Uganda anaweka hivyo hivyo, juu ya moto," chef akasema akijifuta macho. "Nimekula hiyo moshi utoto wote. Na tumekaa hapa, mimi na huyu dada, tunatafuta moshi kwenye kompyuta."

Direkta alikuwa bado anakula. Chef akaketi mwenyewe kwenye mashine, ikalia kama paka, na mama mkwe akarudi nyuma hatua moja. Krimu, linapanda miti, Rwanda. Mistari ikashuka. Mama mkwe alisogea tena, akasogea zaidi, mpaka pumzi yake ikawa inaweka ukungu kwenye kioo, ingawa hakuna alichoweza kusoma. Nilimsomea. Krimu bila jicho. Krimu yenye mistari. Kisha krimu, nyekundu kuzunguka jicho, ua jeupe, mwinuko kama wa kwetu. Mahali: soko, Gisenyi.

"Huyo," akasema, kabla sijamaliza.

Chini kulikuwa na mstari wa maelezo. Chef alinisaidia maneno yake. Ulisema kwamba mfuko ulionunuliwa ulikuwa mchanganyiko, ukatenganishwa, kila aina ikapewa namba yake. Nilipomwambia mama mkwe, uso wake ulibadilika.

"Waliwatenganisha?"

"Ili kila moja ijulikane peke yake, mama muzee," akasema chef. "Tabia yake, ugonjwa wake."

"Bon." Akakubali kidogo. "Hata shuleni wanatenganisha watoto. Lakini jioni wanarudi nyumba moja."

Nikamwuliza kama aliwahi kumwuzia maharage mgeni yeyote pale sokoni, zamani, wa kununua kidogo kidogo.

"Nimeuzia watu wote. Kulikuwa na muzungu mumoja alipita, alinunua kikombe kwa kila mwanamuke, anatia kwenye mifuko midogo. Tulimucheka sana. Tulisema, huyu bibi yake amemutuma bila kumwambia ngapi."

Sitaki kusema kwamba ndiye. Wazungu wengi walipita, na wanawake waliokuwa wakiuza pale walikuwa wengi. Lakini siwezi kuficha kwamba nilirudi kuutazama ule mstari mara nyingi baadaye, na kila mara nilimwona mama mkwe, bado kijana, anasawazisha kikombe kwa kiganja na anacheka.

Mradi uliruhusiwa kuomba mbegu za majaribio, na chef akaomba. Aliandika kwa Kiingereza, nikapiga kwa mashine, nikarekebisha mara mbili kwa woga wa kukosea ile namba. Halafu tukangoja. Ile zawadi ilibaki ofisini mpaka mama mkwe mwenyewe aliposema basi, kuleni nyinyi, mlio mlango wao. Tulipika siku moja na wote wakala, hata direkta.

Bahasha ilifika kiangazi kimeshaingia, wiki ile ile ya harusi. Ndani yake kulikuwa na kijifuko kimoja, na ndani ya kijifuko maharage yasiyojaza kiganja. Yalikuwa ya rangi ya siagi, na jicho jekundu.

Nilipanda nayo Nyakiriba mwenyewe. Chef naye alikuja, kwa gari la mradi, maana alitaka kuona. Mama mkwe aliyamwaga kwenye ungo, akayatawanya kwa ncha za vidole. Akaokota moja akaliweka ulimini bila kuliuma, akalirudisha.

"Ni lenyewe, mama?" akauliza wifi yangu.

"Sijui."

Akaupepeta ungo kidogo.

"Kwa macho ni yenyewe. Lakini harage unajua kwa sufuria." Akayatazama. "Nikipika nijue, yamekwisha. Nikipanda, sijui nimepanda nini."

Chef alitoa ushauri ambao hata leo naona ulikuwa sahihi. Apande hapa kwake, mstari wa peke yake, avune, apande tena, yaongezeke. Binti atapewa mwaka kesho, tena kikapu kizima. Hakuna atakayepoteza kitu.

"Na Jumamosi atoke na nini?" mama mkwe akauliza.

Wifi yangu akasema, "Mama, hata ya foleni inatosha. Nitasema tu ni ya kwetu."

"Utasema! Mama mukwe wako ni mulimaji, ataangalia kwa macho yake. Kila mwanamuke wa kule alipewa ile ile. Ukija na ile ile, siku ya kwanza tu umekuwa mutu wa kupokea. Mi sitaki uanze hivyo."

Upepo wa ziwani ulikuwa unageuza majani ya migomba nyuma ya nyumba. Mama mkwe, ungo magotini, akayakusanya yote katikati kwa kiganja.

"Ataenda nayo."

"Yote?" akauliza chef.

"Yote."

"Na ikiwa si yenyewe?"

"Yeye ndiye ataniambia."

Chef hakufurahi, niseme kweli. Lakini alikubali kwamba ni uamuzi wake. Aliomba kitu kimoja tu: wifi yangu ayapande mbali na mengine, ili tuone tabia yake. Mama mkwe akaitikia, "Ndiyo, mwanangu," kwa sauti ambayo mimi, kama mkamwana, nilikuwa nimeshaizoea. Asubuhi ya harusi nilimwona anatia mchanganyiko kikapuni: maharage ya foleni ya kahawia, mengine mekundu aliyoomba kwa dada yake, meusi ya jirani, na juu yake akamimina kile kiganja cha siagi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akakoroga vyote.

Mvua zikaja. Chef aliuliza habari kila wiki, nami sikuwa na habari yoyote, kwa sababu wifi yangu aliolewa mbali kidogo. Niliendelea kwenda kwenye skrini saa ya chakula. Nilitafuta zile namba nyingine za mfuko ule ule, ndugu zake, nikawa najua karibu kila mmoja. Wakati mwingine nilijiuliza kama nimempelekea mama wa watu kitu cha kigeni kwa sababu tu mistari ilifanana. Krimu na jicho jekundu, basi. Hata watu wawili wanaweza kuwa warefu na weusi.

Wifi yangu alirudi kusalimia baada ya mavuno. Ilikuwa mwisho wa wiki, nami nilikuwa nimekwenda kulala Nyakiriba. Alifika Jumamosi jioni na kikapu kwenye kichwa na sufuria mkononi, na sufuria ilikuwa imefungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameyapika kwake, yale ya jicho jekundu. Mama mkwe hakufungua. Alisema iachwe mpaka asubuhi.

Asubuhi tulikaa jikoni, sisi watatu. Mafiga yalikuwa na moto mdogo wa chai. Mama mkwe akafungua kitambaa, akachota yakiwa baridi, akala. Akachota tena. Alitafuna pole pole, akitazama ukutani, na wifi yangu alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa vidole vyote.

"Si yenyewe," akasema mama mkwe.

Nilitaka ardhi inimeze. Wifi yangu akainamisha kichwa.

"Iko nyepesi kidogo. Ile yangu ilikuwa na siagi zaidi." Akachota mara ya tatu, hakuacha. "Lakini ni ya kwetu. Hawa wametoka tumbo moja."

Mimi nitasema ninavyofikiri. Inawezekana harage lilikuwa jingine, na inawezekana ni lile lile, ila kinywa kilichongoja miaka kilikuwa kimeongeza siagi chenyewe. Sina njia ya kujua, na hakuna kibanda cha kuuliza.

"Na mama mukwe wako?" akauliza baada ya kumeza. "Alisema nini, kikapu ilipofunguliwa?"

"Hakusema kitu siku ile." Wifi yangu akainua uso. "Lakini tulipovuna, aliomba."

Mkono wa mama mkwe ukasimama. "Aliomba?"

"Aliuliza tu, hizi zenye jicho, umetoa wapi. Nikasema, kwa mama. Akasema, unipatie na mimi kidogo ya kupanda."

"Aliomba!" Akageukia kwangu kana kwamba mimi nilikuwa nimebisha. "Umesikia? Yeye ameomba! Kwa mutoto wangu!" Akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja, akamrudia bintiye. "Ukamupa ngapi? Usimupe mingi. Arudi tena kuomba."

Wifi yangu naye akacheka, na akaachia pindo la kitenge. Kisha mama mkwe akavuta kikapu alicholetewa, akachagua yale ya siagi moja moja mpaka akajaza chungu kidogo, akachota majivu kando ya moto, akachanganya, akafunga mdomo wa chungu kwa jani la mgomba. Alinipa nimpandishie kwenye uchaga, juu ya mafiga, kwa sababu magoti yake yalikuwa hayapendi tena kupanda. Nikapanda. Moshi uliniingia machoni.

Nilirudi huko mvua za pili zilipokaribia. Kabla hata ya salamu kumalizika alinituma niteremshe chungu. Akafungua, akapuliza majivu, akanyoosha kiganja mlangoni penye mwanga.

"Rangi gani?"

Nikatazama. Jicho lilikuwa bado jekundu. "Kahawa, mama. Yenye maziwa."

"Nilikudanganya?"

"Hapana, mama."

"Bon." Akayarudisha chunguni, moja likaanguka, akaliokota. "Kesho mwambie yule chef wako aandike hiyo kwenye mashine."

Nilimwambia. Alifungua ule mstari wetu, tukautazama wote wawili. Palipokuwa na rangi ya mbegu palikuwa pameandikwa krimu, na sisi tulikuwa na ruhusa ya kusoma tu, si ya kugusa.